Besiki ya Ami, Kibarua cha Babu

Mwezi wa Machi mwaka jana nilipewa mkataba mpya kazini. Ulikuwa na kurasa nne, na juu yake barua ya kunipongeza. Mshahara wangu, barua ilisema, ungepanda kutoka shilingi 60,000 hadi 62,000 kwa mwezi. Niliambiwa niusome, nitie sahihi, niurudishe kufikia Ijumaa. Jioni ile sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishuka Makadara nikakata vichochoro hadi Kibokoni kwa ami yangu, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee katika jamaa zetu aliyewahi kulipwa kiinua mgongo cha kuonekana, na barua yangu ilikuwa na fungu zima juu ya jambo hilo ambalo sikulielewa.

Nilimkuta ukumbini anakunywa kahawa. Nikamwamkia, nikampa zile karatasi. Hakutaka kuzisoma, macho yake hayamsaidii tena.

"Nisomee besiki," akasema.

"Jumla ni elfu sitini na mbili, ami."

"Jumla sijakuuliza, mwanangu. Besiki ngapi?"

Nikafungua ukurasa wa pili. Mshahara wa msingi: 30,000. Pesa za nyumba: 14,000. Usafiri: 8,000. Chakula: 6,000. Simu: 4,000. Katika mkataba wangu wa zamani kulikuwa na mistari miwili tu: msingi 48,000, nyumba 12,000.

Ami akaweka kikombe chini. "Wamekutilia mkononi, wamekutolea mfukoni," akasema. Kisha akamwita binti yake amletee bahasha ya kahawia iliyokuwa juu ya kabati.

Nitarudi kwenye bahasha ile. Lakini tangu jioni hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili nyuma, kwa ami, kwa hadithi za babu yangu, na katika sheria na vitabu vya historia ya mji huu. Nimegundua kwamba ile mistari mitano kwenye mkataba wangu ina ukoo mrefu hapa Mombasa.

Tuanze na jina. Kiswahili cha pwani kina malipo mengi yaliyopewa majina ya namna hii. Arusini kuna kipa mkono, kuna kifungua mlango, kuna kiosha miguu. Kila jina lataja kitendo kinacholipiwa. Kiinua mgongo nacho chamtaja mtu aliyeinama kwa muda mrefu, ambaye sasa kazi imekwisha na yafaa asaidiwe kusimama. Neno wanalotumia Waingereza kwa malipo haya limetoka katika shukrani, na Waarabu huyaita mukafaa, yaani tuzo. Shukrani na tuzo ni vitu vya hiari ya mtoaji. Jina letu lilianzia kwenye mwili wa mfanyakazi. Mahakama za Kenya, hata hivyo, zimelifuata wazo la Kiingereza: zimesema mara kadhaa kwamba kiinua mgongo ni hisani ya mwajiri, isipokuwa kama kimeandikwa katika mkataba, katika makubaliano na chama cha wafanyakazi, au katika sheria maalumu. Kisipoandikwa, hudai kitu.

Na hata kikiandikwa, huandikwa kama sehemu ya kitu kingine: siku kadhaa za mshahara kwa kila mwaka uliotumika. Kwa hivyo kabla ya kuuliza utapewa siku ngapi, yafaa uulize mshahara ni upi. Swali hilo laonekana la kitoto, lakini mjini humu limegombaniwa kwa zaidi ya miaka mia.

Neno mshahara lina mwezi ndani yake. Asili yake ni Kiarabu, shahr, mwezi. Zamani waliolipwa kwa mwezi hapa walikuwa wachache. Mabaharia wa majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale, chini ya Ngome, waligawana mapato ya safari kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nahodha, fungu la baharia. Safari ikiisha, hesabu imekwisha. Watumwa waliokodishwa mjini na mabwana zao walipewa karatasi ndogo kuonyesha kwamba wamefanya kazi ya siku. Jioni waliirudisha wakapewa pesa, na sehemu ya pesa hizo ikaenda kwa bwana. Karatasi hiyo ndiyo kibarua, barua ndogo. Baadaye jina la karatasi likawa la kazi, kisha likawa la mtu mwenyewe. Mpaka leo twasema "fulani ni kibarua".

Mwaka 1907 utumwa ulipoondolewa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya, serikali ya Waingereza ilitenga fidia. Fidia hiyo ilikuwa ya mwenye mtumwa, kwa kupoteza mali yake. Mtumwa mwenyewe hakuandikiwa malipo ya miaka aliyotumika. Ukitafuta malipo makubwa ya kwanza ya kumaliza utumishi katika mji huu, yako hapo, na yalikwenda kwa yule ambaye mgongo wake haukuinama.

Babu yangu alizaliwa miaka ya 1920, wakati magati ya kwanza ya maji makuu yakijengwa Kilindini. Alianza kazi huko mwaka 1944, akiwa kibarua. Alikuwa akitoka Mji wa Kale alfajiri, akipita Mwembe Tayari, hadi langoni ambako watu walichaguliwa kwa siku. Ukichaguliwa, una kazi. Usipochaguliwa, warudi. Mwaka ule ule serikali ilikuwa imeanza kuwaandikisha vibarua wa bandari, na babu alipata nambari. Alikuwa akisema nambari yake aliijua kuliko siku yake ya kuzaliwa, na hilo si ajabu kwa sababu siku ya kuzaliwa hakuijua kabisa.

Mishahara ya wakati huo ilihesabiwa kwa namna ambayo yafaa kuielewa, maana athari yake bado tunayo. Serikali na waajiri walimhesabia Mwafrika mshahara wa mseja: chakula chake, blanketi yake, kitanda chake. Mke na watoto walidhaniwa wako bara, wanalima. Uzee nao ulidhaniwa utalelewa na shamba. Mtu atafanya kazi bandarini miaka yake ya nguvu, kisha atarudi kwao. Kwa nini umlipe uzee wake, na hali ardhi itamlipa?

Lakini babu yangu kwao ni Kibokoni. Hakuwa na shamba la kurudia. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini na alitarajia kufia hapo hapo, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa maelfu ya watu wa mji huu, na kwa wengi waliotoka bara wakaoa na kujenga Majengo, hadithi ya shamba la uzeeni haikuwa kweli. Na mshahara ulikuwa umekwisha kukatwa kwa kipimo cha hadithi hiyo.

Watu walilalamika, tena kwa nguvu. Mwaka 1939, mwezi wa Julai na Agosti, Mombasa iligoma. Wafanyakazi wa idara ya serikali ya ujenzi walitangulia, wengine wakafuata, mwishowe bandari. Mwanzo wa madai ulikuwa nyumba: kodi ilikuwa imepanda na mshahara haukutosha. Tume ya Willan ilichunguza na kuthibitisha kwamba watu walikuwa na dhiki ya makazi. Na jibu la waajiri likawa lipi? Waajiri wakubwa walikubali kuwapa watu wa mwezi pesa za nyumba. Mshahara wenyewe ukabaki pale pale, na pembeni yake ukaongezwa mstari mpya.

Wakati wa vita bei za vitu zilipanda sana, na jibu likawa la aina ile ile. Wafanyakazi wa reli walipogoma mwaka 1942, walipewa nyongeza ya vita. Jina lenyewe lasema: vita vikiisha, nayo yaweza kwisha. Waajiri walikuwa na sababu iliyoeleweka. Mshahara wa msingi ukipanda haushuki kwa urahisi, na kila kinachohesabiwa juu yake hupanda nao. Nyongeza ya pembeni ni nyepesi: yatolewa leo, kesho yaondolewa.

Mgomo mkubwa ulikuja Januari 1947. Tarehe 13 karibu watu 15,000 waliacha kazi: bandari, reli, mahoteli, maboi wa majumbani. Kila siku walikutana uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Babu alikuwa huko. Alimsikia Chege Kibachia akihutubia, na alimkumbuka kuwa kijana asiyepiga kelele. Mgomo ulidumu karibu siku 12. Eliud Mathu, mjumbe wa Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwaomba warudi kazini, na Jaji Thacker akapewa kazi ya kusikiliza madai. Nyongeza zikatolewa. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa Baringo kizuizini.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza babu walidai nini hasa. Nilitarajia aseme pesa. Alisema, "Tulitaka tuhesabiwe." Nilidhani ni maneno ya wazee. Sasa nafikiri alimaanisha hivyo hivyo alivyosema. Kibarua hana mwaka, hana mwezi. Kila jioni kazi yake yaisha na kila alfajiri yaanza upya. Ukimwambia utampa nusu mwezi kwa kila mwaka, yeye mwaka atautoa wapi?

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali kuangalia mishahara ya Waafrika, ilikubali kwamba mshahara wa mseja haufai na kwamba mfanyakazi apimiwe kwa familia yake. Mwaka huo pia ndio chama cha wafanyakazi wa bandari kilipoanza, na mgomo wa Machi 1955, ambao Tom Mboya alikuja kuupatanisha, ulileta nyongeza nzuri. Katika miaka hiyo waajiri wa bandari walianza kuwaandika watu kwa mwezi. Babu aliandikwa mwaka 1957 na kampuni moja ya kupakia na kupakua. Alikuwa amekwisha kufanya kazi bandarini miaka 13.

Aliacha mwaka 1973. Alipokwenda kuchukua haki yake alikuta miaka 16. Ile 13 ya ukibarua haikuwemo. Na ile 16 ilihesabiwa kwa mshahara wa msingi, bila pesa za nyumba na bila zile nyongeza zilizotokana na migomo aliyoshiriki. Pesa alizopata zilitosha kununua cherehani ya nyanya, na kidogo cha akiba. Nyanya alishona kanzu na mabuibui kwa cherehani hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na kwa kweli iliwalisha kuliko bandari. Ipo mpaka leo kwa shangazi, mkanda ndio umebadilishwa.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kutafuta njia nyingine ya kuulipa uzee. Mwaka 1965 Bunge liliunda Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo kila mtu huiita NSSF. Mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongeza, na mtu akizeeka achukue. Wazo lilikuwa jema, lakini kiwango kiliwekewa dari, na dari ikasahauliwa. Kwa miaka mingi, hadi Februari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akatia 200. Alipe mtu mwenye mshahara wa 15,000 au wa 150,000, ni 200 tu. Piga hesabu ya miaka 10: ni shilingi 48,000, kabla ya faida. Sheria mpya, ya asilimia 6 kwa 6, ilipitishwa mwaka 2013 lakini ilikaa mahakamani karibu miaka 10 kabla ya kuanza kutumika.

Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ina kifungu cha 35, ambacho wafanyakazi wengi husikia nusu yake. Nusu ya kwanza inasema mtu ambaye ajira yake imesitishwa kwa notisi anastahili malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Watu husikia hapo wakafurahi. Nusu ya pili inasema haki hiyo haimhusu aliye mwanachama wa mfuko wa pensheni uliosajiliwa, au wa mpango wa kiinua mgongo chini ya makubaliano ya chama, au wa NSSF. Yaani mwajiri wako akiwa anakupelekea zile pesa za NSSF, sheria imekwisha mwondolea mzigo mwingine. Ukipunguzwa kazini kwa sababu nafasi yako imefutwa, hiyo ni njia nyingine: kifungu cha 40 chataka ulipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Lakini kwa anayeondoka kwa heri, baada ya kutumika vizuri, kinachobaki ni mkataba wake.

Kuna walioandikiwa vizuri zaidi. Wale masoja wa makampuni ya ulinzi unaowaona milangoni Ndia Kuu wana amri yao ya mishahara ya mwaka 1998: baada ya miaka mitano, siku 18 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, kwa mshahara wa siku ya kuondoka. Na serikali yenyewe, inapoajiri kwa mkataba wa miaka kadhaa, hulipa kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi. Tazama tena neno hilo: msingi. Tume inayosimamia jambo hili, iliyoundwa na Katiba ya 2010, inaitwa Tume ya Mishahara na Marupurupu. Vitu viwili katika jina moja, na ni kimoja tu kinachokufuata ukiondoka.

Sasa ile bahasha.

Ami yangu alikwenda Oman mwaka 2004. Si yeye wa kwanza. Tangu mafuta yalete pesa kule Ghuba, vijana wa Mji wa Kale wamekuwa wakienda Maskati, Dubai, Doha na Jeddah, kama vile wazee wao walivyopokea majahazi kutoka huko huko. Alipata kazi ya karani wa stoo, mtaa wa Ruwi, katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Alianza kwa riali 150 kwa mwezi: msingi 100, nyumba 30, usafiri 20. Alifanya kazi miaka 14. Alipoondoka mwaka 2018 alikuwa akilipwa riali 300, mara mbili ya alizoanza nazo, na alijiona amefika.

Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 ilikuwa wazi. Mfanyakazi mgeni asiye katika bima ya jamii alistahili mshahara wa siku 15 kwa kila mmoja wa miaka mitatu ya kwanza, na wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofuata, kwa kutumia mshahara wa msingi wa mwisho. Ami alijua hesabu hiyo kwa moyo. Miaka mitatu ya kwanza ni mwezi mmoja na nusu. Miaka 11 iliyobaki ni miezi 11. Jumla miezi 12 na nusu. Akazidisha kwa riali 300, akapata 3,750. Kwa pesa hizo alikuwa amepanga kununua chumba cha duka.

Siku ya mwisho mhasibu alimpa karatasi ya riali 1,500. Ami akadhani wamekosea. Mhasibu akamwonyesha karatasi yake ya mshahara, ambayo alikuwa akiipokea kila mwezi kwa miaka 14: msingi 120, nyumba 70, usafiri 40, chakula 30, nyongeza maalumu 40. Katika nyongeza zote alizopata, riali 20 tu ndizo zilizoingia kwenye msingi. Zilizobaki zilimwagwa pembeni.

"Hawakuniibia," ami aliniambia, akizikunja zile karatasi. "Yote yaliandikwa. Mimi nilikuwa nasoma mstari wa chini tu."

Pesa zile zilitia bati jipya, zikalipa deni, zikaisha kabla ya Ramadhani. Duka hakulipata.

Ukizunguka Ghuba utaona kwamba jambo hili ni uamuzi wa watu. Falme za Kiarabu huhesabu siku 21 kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza na siku 30 baadaye, kwa mshahara wa msingi. Saudia huhesabu nusu mwezi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza na mwezi mzima baadaye, lakini kwa mshahara wote wa mwisho, marupurupu ya kila mwezi yakiwemo. Karani aliyefanya kazi Jeddah na karani aliyefanya kazi Dubai, wenye jumla moja, wanaweza kurudi Mombasa na pesa tofauti kabisa, kwa sababu ya maana ya neno moja. Oman nayo ilibadilisha sheria yake mwaka 2023: sasa ni mwezi mmoja kwa kila mwaka tangu mwaka wa kwanza. Msingi umebaki msingi.

Nilipoona karatasi za ami niliomba kalamu. Mkataba wangu, wa zamani na mpya, unatoa siku 15 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika. Nilikuwa nimekamilisha miaka tisa. Kwa msingi wa 48,000, nusu mwezi ni 24,000, na miaka tisa ni 216,000. Kwa msingi wa 30,000, nusu mwezi ni 15,000, na miaka tisa ni 135,000. Na lile fungu nililokuwa silielewi lilisema kiinua mgongo kitahesabiwa "kwa mshahara wa msingi wa mwisho kwa kipindi chote cha utumishi". Maana yake, ningetia sahihi ile Ijumaa, miaka tisa niliyokwisha kuifanya ingepungua shilingi 81,000 siku hiyo hiyo.

Zile 2,000 za nyongeza zilikuwa 24,000 kwa mwaka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, kwa hivyo 48,000. Katika miaka hiyo miwili kiinua mgongo kingepungua 18,000 zaidi, jumla 99,000. Ningepewa 48,000 nipoteze 99,000, na juu ya hayo saa za ziada zangu nazo zingehesabiwa kwa msingi mdogo. Ami aliniambia nirudie hesabu. Nilirudia mara mbili.

Sitaki kusema kwamba kugawa mshahara ni hila kila mara. Sheria yetu yenyewe, kifungu cha 31, yataka mwajiri atoe nyumba au pesa za nyumba juu ya mshahara, na amri ya jumla ya mishahara imeweka asilimia 15 ya mshahara wa chini kwa ajili hiyo. Hilo ni tunda la mwaka 1939, na ni haki iliyopiganiwa. Kuna pia mtu mwenye kodi mlangoni na mtoto shuleni ambaye 2,000 za leo zamfaa kuliko 99,000 za kesho, na siwezi kumlaumu. Ninachosema ni kwamba achague akiwa ameona namba zote mbili. Babu hakuonyeshwa. Ami alionyeshwa kila mwezi na hakuambiwa maana yake.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya wafanyakazi na karatasi yangu. Sikugombana. Nilisema nakubali mgawanyo mpya kwa miaka ijayo ikiwa ni lazima, lakini miaka tisa ifungwe kwa msingi wa zamani, iandikwe 216,000, na nipewe barua. Niliambiwa hilo halijawahi kuombwa. Nikasema basi mimi naomba. Ilichukua wiki mbili na simu nyingi. Mwishowe barua ilikuja, mistari sita, imetiwa sahihi na muhuri. Msingi wa 30,000 ulibaki. Sikupata kila nilichotaka.

Wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kutia sahihi ile Ijumaa. Mmoja ana miaka 17 pale, na msingi wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Nilipomwonyesha hesabu alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama bado anaweza kuomba barua kama yangu. Nilimwambia sijui, lakini tuandike. Tulikaa chini wakati wa chakula cha mchana, yeye akisoma kwa sauti mistari ya mkataba wake, mimi nikiandika. Tulianza na besiki.